Asili na Matamshi ya Jina "Kenia" katika Kijerumani

Msomaji wa Kiswahili aonapo nchi ya Kenya ikiandikwa Kenia katika vitabu vya Kijerumani, huenda akadhani kwamba Wajerumani wameliharibu jina walilolipokea kwa Waingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo.

Jina la nchi limetokana na jina la mlima. Wakikuyu huuita Kĩrĩnyaga. Wakamba, ambao lugha yao imedondosha baadhi ya konsonanti zilizobaki katika Kikuyu, huuita Kĩĩnyaa. Wengi hulihusisha jina hilo na mbuni, kwa vile weusi wa majabali na weupe wa theluji hufanana na manyoya ya ndege huyo dume. Mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliuona mlima huo akiwa Kitui mwezi wa Desemba 1849, akalinakili jina kwa sura ya Kenia na ya Kegnia. Basi jina lilitoka kinywani mwa Mkamba likaingia sikioni mwa Mjerumani, miaka 70 na zaidi kabla ya Waingereza kuliita koloni lao Kenya mwaka 1920.

Tuyatazame matamshi. Kijerumani hakina sauti moja iliyo sawa na ny ya Kiswahili. Mahali pake hutamkwa n, kisha i fupi inayoteleza kuelekea a. Herufi y nayo, katika maneno mengi yenye asili ya Kiyunani, husomwa kama i inayotamkwa kwa midomo iliyoviringwa. Ndiyo sababu i inafaa zaidi katika tahajia yao. Mkazo huwa juu ya Ke-, kama katika Kiswahili; lakini katika Kenianer, yaani Mkenya, huhamia kwenye a.

Lililo muhimu zaidi ni irabu ya kwanza. Waingereza wa enzi ya ukoloni walitamka "Kiinya", matamshi yaliyofifia baada ya uhuru wa 1963. Mjerumani hutamka e ndefu, ambayo ulimi huinuliwa kuliko katika e ya Kiswahili. Irabu ya namna hiyo haimo katika irabu zetu tano, bali imo katika irabu saba za Kikamba, nayo ndiyo iandikwayo ĩ. Kwa hiyo silabi ya kwanza ya Kenia imekaribia Kĩĩnyaa kuliko ya Kiswahili chenyewe.

Haifai, basi, kumtaka Mjerumani aandike y kwa kudhani kwamba hivyo ndivyo atakavyoturudishia jina letu. Na tumtajapo Krapf aliyeandika, haki yadai tumtaje na Mkamba aliyetamka.