Stavoren: Reli Iliyokomea Majini (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliikatiza safari yetu Enkhuizen, mahali ambapo reli itokayo Amsterdam hukomea ukingoni mwa maji. Na leo tutavuka hadi Stavoren, katika jimbo la Friesland, mji wenye wakazi wapatao elfu moja tu, lakini ambao katika zama za kale ulikuwa bandari tajiri, majahazi yake yakisafiri hadi Baltiki kuleta nafaka.

Wenyeji husimulia kwamba tajiri mmoja mjane alimwagiza nahodha wake amletee kitu chenye thamani kupita vyote duniani, naye akarudi na shehena ya ngano; yule bibi akaghadhibika, akaamuru imwagwe baharini, na hapo ndipo likazuka fungu la mchanga lililoziba bandari. Hiyo ni hekaya, ila mchanga ni wa kweli, na ndio uliosaidia kuudhoofisha mji huo.

Reli itokayo mji wa Sneek ilifika Stavoren mwaka 1885, na mwaka uliofuata zikaanza meli za mvuke kuvusha abiria hadi Enkhuizen. Kwa hiyo stesheni haikujengwa kwa ajili ya wenyeji peke yao, maana ni wachache. Ilijengwa kwa ajili ya gati, hata msafiri akishuka katika behewa huwa amebakiza hatua chache tu kufika chomboni. Baadaye hata mabehewa ya mizigo yalivushwa, yakiwa juu ya reli zilizotandikwa katika vyombo vyenyewe.

Tarehe 28 Mei 1932 Waholanzi walikamilisha kuifunga bahari ya Zuiderzee, ambayo ndiyo maji haya tunayoyavuka, kwa ukuta wa Afsluitdijk, wenye urefu wa kilometa 32. Maji ya chumvi yakageuka baridi, dagaa waliokuwa riziki ya wavuvi wakatoweka, na barabara iliyopita juu ya ukuta huo ikawapa watu njia nyingine. Kwa rai yangu, wahandisi waliiokoa nchi na mafuriko, nami nawastahi kwa hilo. Lakini gharama yake ilizielemea zaidi bandari ndogo kama hii.

Hata hivyo garimoshi lingali linafika, likipita njia moja isiyo na waya za umeme, na wakati wa kiangazi chombo huvusha watembezi na baiskeli zao. Siku za baridi chombo husita. Na mwenye haja ya kufika Enkhuizen kwa reli hana budi kupitia mji wa Leeuwarden, ayazunguke maji kwa nchi kavu.

(Itaendelea)