Zamu ya Kesho Ina Bei Gani?

Msikilizaji, katika kandanda tuliyoizoea, klabu ikimtaka mchezaji hutoa fedha. Katika ligi ya NFL ya Marekani, ule mpira wenye umbo la yai na wachezaji waliovaa kofia ngumu, mambo si hivyo. Huko vilabu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa zamu.

Zamu hiyo ni nini? Kila mwaka ifikapo Aprili, vilabu vyote 32 huchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Klabu iliyoshika mkia huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na mzunguko hurudiwa mara saba. Utaratibu huu ulianza mwaka 1936 ili wanyonge nao wapate kuinuka. Kijana mwenyewe haulizwi anataka kwenda wapi. Zamu yenyewe, hata hivyo, ni mali ya klabu, na inaweza kubadilishwa kama watu wanavyobadilishana zamu za upatu. Tofauti ni kwamba katika upatu unajua utapokea kiasi gani siku yako ikifika. Hapa unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Biashara inayotajwa kuliko zote ni ya Oktoba 1989. Dallas Cowboys walikuwa hoi. Msimu ule walishinda mchezo mmoja na kupoteza 15. Walikuwa na nyota mmoja tu, mkimbiaji Herschel Walker, nao wakamtoa kwa Minnesota Vikings. Minnesota waliamini wanalipa kwa wachezaji watano waliowapeleka Dallas. Lakini katika mkataba, wachezaji wale walifungwa na zamu: Dallas wakimwacha mchezaji, wanapata zamu badala yake. Kocha wa Dallas, Jimmy Johnson, macho yake yalikuwa kwenye zamu tangu mwanzo. Hesabu ilipofungwa alikuwa amevuna, miongoni mwa nyingine, zamu tatu za raundi ya kwanza na tatu za raundi ya pili. Dallas wakatwaa ubingwa Januari 1993, Januari 1994 na tena Januari 1996.

Deni lile liliendelea kulipwa hadi uchaguzi wa mwaka 1992. Wakati huo Mike Lynn, meneja mkuu aliyelikopa, hakuwa tena Minnesota. Walker naye aliondoka mwaka huohuo.

Dallas, wakiwa na zamu nyingi namna ile, walihitaji mizani. Mwaka 1991 mmoja wa wenye hisa, Mike McCoy, mhandisi, alikaa akatazama mabadilishano yaliyokwisha kufanyika na kuipa kila zamu pointi. Ya kwanza ilipewa 3,000, ya pili 2,600, ya 16 ikapata 1,000, na ya 32 ikapata 590. Maana yake, mwenye zamu ya kwanza angeweza kudai karibu zamu tano za nambari 32. Jedwali hilo likaenea katika ligi nzima.

Lakini tuangalie vizuri McCoy alipima nini. Alipima bei ambazo vilabu vilikuwa vimezoea kulipana, hakupima kazi ambayo vijana walikuja kuifanya uwanjani. Bei ya soko na thamani ya kitu ni mambo mawili. Wasomi wawili, Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017), walilinganisha uchezaji wa vijana na mishahara yao. Wakaona kwamba zamu za juu kabisa zilikuwa zikilipiwa kupita kiasi, na kwamba faida kubwa kwa klabu ilipatikana mwanzoni mwa raundi ya pili. Mwaka 2010 kijana wa kwanza, Sam Bradford, alihakikishiwa dola milioni 50. Mwaka 2011 yakaja makubaliano mapya ya mishahara, na wa kwanza wa mwaka huo, Cam Newton, akapata kama dola milioni 22 kwa miaka minne. Zamu ya juu ikawa nafuu zaidi, ingawa jedwali la zamani lilikuwa lilelile.

Ugonjwa mwingine ni haraka. Kwa mazoea ya ligi hiyo, zamu ya raundi ya kwanza ya mwakani huhesabiwa sawa na ya raundi ya pili ya mwaka huu. Riba ya namna hiyo hata mkopeshaji wa mtaani angeona haya kuitamka! Lakini kocha anayechungulia kufukuzwa Desemba haoni hasara. Mwakani ni ya mwenzake.

Hebu tumalizie na San Francisco 49ers. Mwaka 2021 walitoka zamu ya 12 hadi ya tatu, wakatoa zamu za raundi ya kwanza za mwaka 2022 na 2023 pamoja na moja ya raundi ya tatu, ili wampate kijana wa kupanga mashambulizi, Trey Lance. Akaanza michezo minne tu, akavunjika kifundo cha mguu, na Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa zamu ya raundi ya nne. Aliyewafikisha fainali ya Februari 2024 ni Brock Purdy. Huyo walimchagua mwaka 2022 kwa zamu ya 262, ya mwisho kabisa siku ile.