Je, Matengenezo Huongeza Bei ya Nyumba?

Wasomaji wetu, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo linalowahusu watu wengi wa uwanda wa juu wa Ufipa. Mtu akitengeneza nyumba yake, je, bei yake huongezeka? Jambo hili si dogo, maana kwa wengi wetu nyumba ndiyo akiba ya pekee, na siku ya ugonjwa au ya kulipa ada za watoto huenda ikalazimu kuuzwa.

Kwanza tufanye hesabu. Tumfikirie mzee mmoja katika kijiji kilicho karibu na Sumbawanga. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma yaweza kuuzwa kwa shs. 8,000,000. Mzee atumia shs. 3,000,000 kutia dari ya urembo na kupaka rangi, akidhani ya kuwa sasa atapata shs. 11,000,000. Mnunuzi aja, aisifu dari, kisha atoa shs. 9,000,000. Bei imeongezeka kwa shs. 1,000,000, walakini gharama ilikuwa shs. 3,000,000, basi mzee amepoteza shs. 2,000,000. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini yatufundisha kanuni ya kweli: mnunuzi halipi gharama uliyotoa wewe, bali hulipa faida atakayoipata yeye.

Kosa la mzee huyu lina asili yake. Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kabla ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Kilichokuwa na bei ni nyumba, miti na mazao. Aliyeuza alihesabiwa kuuza jasho lake tu. Kwa hiyo si ajabu mtu akidhani ya kuwa kila shilingi aliyoitia ukutani itamrudia.

Basi mnunuzi hutazama nini? Hutazama kwanza chini na juu. Katika Ufipa mvua huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hata Aprili. Matone yaangukayo kutoka upenuni hula mguu wa ukuta, na unyevu hupanda kutoka ardhini ukaoza matofali. Ndiyo sababu mwenye busara huanza na msingi wa mawe, na mtaro wa kupeleka maji mbali. Halafu hutengeneza paa. Akinunua mabati, akumbuke ya kuwa namba ya geji ikiwa kubwa, bati huwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 32.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: usipoziba ufa, utauza kwa hasara. Mnunuzi aonapo ufa hupunguza gharama ya kuuziba, kisha hupunguza na woga wake pia, maana hajui ufa ule umefika wapi. Kuziba ufa huenda kusipandishe bei, lakini huizuia isianguke.

Pili, yatupasa kufikiri juu ya wingi wa wanunuzi. Barabara ya kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 220, ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Nyumba iliyo karibu na barabara njema hutafutwa na wengi, ijapokuwa mwenyewe hakuongeza hata tofali moja. Kijijini mambo ni mengine. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwenye haki ya kimila hawezi kuihamisha bila kibali cha halmashauri ya kijiji, na mnunuzi awe mkazi wa pale au mtu akusudiaye kukaa au kufanya kazi pale. Basi wanunuzi ni wachache, na nyumba ya fahari yaweza kungoja miaka.

Tatu, yako matengenezo yasiyohitaji saruji. Hati ya hakimiliki ya kimila, na mipaka inayojulikana na majirani, humwondolea mnunuzi hofu. Kadhalika mapatano ya nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia pasipo ridhaa ya mwenziwe. Nyumba nzuri yenye ugomvi ndani yake ni bidhaa mbaya sokoni.

Je, kutia dari ni upumbavu? Hasha. Baridi ya Juni na Julai twaijua sote, na raha ya watoto wako ni faida kamili, hata isipolipwa na mnunuzi. Illa usiikope fedha kwa tumaini la kurudishiwa na mnunuzi usiyemjua.

Enyi wanafunzi, andikeni katika daftari bei ya nyumba kabla ya matengenezo, gharama ya matengenezo, na bei baada yake. Kisha wasomeeni wazazi wenu hesabu hiyo kabla fundi hajaitwa.