Makoti ya Buluu, Soksi za Manjano

Wajukuu zangu, mfalme wa kisa hiki hakuwa mzee mwenye ndevu. Edward wa Sita wa Uingereza alikuwa na miaka 14 tu pale Askofu Nicholas Ridley alipopanda mimbari mbele yake, mwaka 1552, akahubiri habari za maskini wa London. Siku hizo watoto wengi walilala njaa barabarani. Nyumba za watawa zilizokuwa zikiwapa maskini chakula, baba yake mfalme alikwisha kuzifunga. Maneno yakamchoma kijana yule. Akamwita askofu, akamwuliza: tufanyeje?

Basi Ridley akatumwa kwa meya wa jiji, Sir Richard Dobbs, akiwa na barua ya mfalme. Hapa sikilizeni vizuri, maana sifa zote hupewa mfalme, nami naona si haki. Waliochanga ni watu wa London. Jengo kuukuu la watawa kule Newgate likatengenezwa, na mwezi Novemba mwaka ule ule watoto wapatao 380 wakaingia, wavulana na wasichana. Wachanga waliokuwa bado wananyonya walipelekwa kwa walezi mashambani. Shule ikaitwa Christ's Hospital. Mfalme aliipa hati Juni 1553. Mwezi uliofuata akafariki, na miaka 16 hajatimiza.

Mwaka 1666 moto mkubwa wa London uliteketeza sehemu kubwa ya majengo, na matajiri wakafungua mifuko upya. Baadaye ukawepo utaratibu mzuri: ukitoa kiasi fulani cha fedha, unapata nafasi ya kumpendekeza mtoto mmoja aingie shuleni. Mtoaji alimjua mtoto wake kwa jina, jambo linalonipendeza mno.

Tangu 1902 shule iko Horsham, nje ya jiji. Ada hupimwa kwa kipato cha wazazi: wapo wanaolipa yote, wapo wanaolipa kidogo, na wapo wasiolipa hata senti. Lakini sare hutolewa bure kwa wote: koti refu la buluu linalofika chini ya magoti, mshipi wa ngozi kiunoni, soksi ndefu za manjano. Adhuhuri wanafunzi hujipanga mistari na kuandamana kwenda kula, bendi ikiwapigia. Simama pale uwatazame upendavyo, hutajua nani kalipiwa na babaye na nani kalipiwa na watu asiowajua.