MAJIRANI WA BUFFALO NA TUFANI YA THELUJI
Mambo yaliyotokea katika Krismasi ya mwaka 2022

Mji wa Buffalo, ulio katika Jimbo la New York nchini Marekani, una jina la sifa ambalo wenyeji wake hupenda kulitaja mbele ya wageni. Huitwa Mji wa Majirani Wema. Jina la namna hiyo ni rahisi kulichukua wakati wa jua na wakati wa karamu. Lakini katika Krismasi ya mwaka 2022 jina hilo lilijaribiwa na tufani ya theluji iliyoua watu zaidi ya 40 katika mji huo na vitongoji vyake. Habari zake zafaa kusomwa na kila mtu aishiye karibu na mwenziwe, hata kama katika nchi yake theluji haianguki.

TUFANI YA THELUJI NI KITU GANI?

Wengi wetu twaijua theluji kwa kuiona kwa mbali tu, ikimeta juu ya Mlima Kenya asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Wakulima wa Nyandarua, Limuru na Kericho wanaijua pia sakitu, ile baridi ya usiku ichomayo majani ya viazi na ya chai. Lakini mtu asifikiri kwamba tufani ya theluji ni sakitu iliyozidi kidogo. Theluji peke yake huanguka polepole kama sufi, na watu wa nchi za baridi wameizoea hata watoto wao huichezea. Hatari kubwa huja pamoja na upepo.

Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani hawaiiti theluji tufani mpaka upepo ufikie kasi ya maili 35 kwa saa, na macho ya mtu yasiweze kuona mbali zaidi ya robo maili, na hali hiyo idumu kwa saa 3. Upepo huo huiinua theluji iliyokwisha kuanguka na kuirusha tena hewani. Mtu akisimama mlangoni pake hawezi kuliona lango la ua wake, na akitoka hatua chache tu aweza kupotea mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Buffalo hupatwa na mambo hayo kwa sababu ya mahali ulipo. Mji huo uko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, ambalo urefu wake ni maili 240 hivi. Mwanzoni mwa majira ya baridi maji ya ziwa huwa bado yana joto lililobaki tangu kiangazi. Basi upepo mkavu wenye baridi kali, uvumapo kutoka kusini-magharibi na kulipita ziwa kwa urefu wake wote, hunyonya mvuke njia nzima; nao ufikapo nchi kavu huutua mzigo huo juu ya mji kwa namna ya theluji. Ziwa likiganda mvuke hukoma, lakini hata hapo mji haujasalimika. Mwezi wa Januari 1977 ziwa lilikuwa limekwisha kuganda, na upepo ukaikumba theluji iliyolala juu ya barafu ukaimwaga mjini. Kwa miaka 45 tufani hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha tufani zote za Buffalo.

IJUMAA TAREHE 23 DESEMBA

Wataalamu walitoa ilani siku kadhaa mbele, wakasema kwamba tufani inayokuja ni ya namna ambayo mtu huiona mara moja katika kizazi kizima. Asubuhi ya Ijumaa ilianza kwa mvua, kisha joto likashuka kwa ghafula, na maji yaliyokuwa barabarani yakageuka barafu. Amri ya kukataza magari kupita barabarani ilianza kutumika asubuhi hiyo hiyo, saa tatu na nusu. Wakati huo wafanyakazi wengi walikuwa wamekwisha kwenda kazini, na watu wengine walikuwa wametoka kununua vyakula vya sikukuu.

Upepo ulivuma kwa nguvu hata ukafikia kasi ya zaidi ya maili 70 kwa saa. Katika kiwanja cha ndege cha Buffalo hali ya tufani ilidumu kwa saa 37 bila kukatika. Theluji iliyoanguka kiwanjani hapo kwa siku hizo ilipita inchi 50, yaani kimo cha mtoto wa miaka minane. Na penye ukuta au gari, upepo uliirundika juu zaidi ya kichwa cha mtu mzima. Umeme ulikatika katika maelfu ya nyumba, na katika nchi hizo umeme ukikatika hata majiko mengi ya kupasha nyumba joto huzimika.

Jambo la kutisha kuliko yote ni kwamba mkono wa serikali ulishindwa kuwafikia watu. Magari ya polisi, ya wagonjwa na ya zimamoto yalitoka kwenda kuokoa, nayo yakakwama. Waokoaji wakawa watu wa kuokolewa. Hata magari makubwa ya kusukuma theluji yalikwama. Wakuu wa huko walisema kuwa hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa kikosi cha zimamoto cha Buffalo kushindwa kabisa kuitikia mwito. Watu walipiga simu ya msaada wakaambiwa wangoje, na wengine hawakupata jibu lolote.

NAMNA WATU WALIVYOKUFA

Mkuu wa Wilaya ya Erie, Bwana Mark Poloncarz, alikuwa akitangaza kila siku idadi ya waliokufa na sababu za kufa kwao. Wengine walikutwa ndani ya magari yao yaliyofunikwa na theluji. Wengine walikutwa nje, kwa kuwa waliacha magari wakajaribu kutembea kwa miguu. Wengine waliganda ndani ya nyumba zisizo na moto. Wengine moyo ulisimama walipokuwa wakiondoa theluji milangoni, na wengine walikufa kwa ugonjwa ambao gari la wagonjwa lingaliweza kuwaokoa nao kama lingalifika kwa wakati.

Binti mmoja aliyekuwa akitoka kazini siku ile ya Ijumaa alikwama njiani. Akiwa ndani ya gari aliwapelekea jamaa zake walio mbali picha za theluji ikipanda dirishani. Jamaa walimpigia simu kila mtu waliyeweza kumpata, lakini hawakuwa na jirani wa kumwambia, Toka nje umtazame mtoto wetu. Msaada ulipofika, binti alikuwa amekwisha kufa.

Yafaa pia kusema kwamba msiba huo haukugawanyika sawasawa. Wengi wa waliokufa ndani ya mji wenyewe walikuwa watu weusi. Wengi wa watu weusi wa Buffalo hukaa upande wa mashariki, ambako nyumba nyingi ni za zamani na maduka makubwa ya vyakula ni machache. Miezi saba tu kabla ya tufani, tarehe 14 Mei 2022, mtu mwenye bunduki na chuki ya rangi aliwaua watu weusi 10 katika duka kubwa la upande huo. Basi Krismasi iliwakuta watu hao wakiwa bado na majonzi. Katika mji huo wamo pia wakimbizi waliotoka Kongo, Burundi na Somalia, na wako miongoni mwao wasemao Kiswahili kama sisi.

MILANGO ILIYOFUNGULIWA

Katika giza hilo yalitendeka mambo ambayo watu wa Buffalo wangali wanayasimulia. Siku ya mkesha wa Krismasi, mama mmoja wa watoto watatu alisikia mtu akilia nje. Alikuwa mzee wa miaka 64, naye amepotea njia katika theluji. Bwana wa yule mama alitoka, akambeba mzee huyo mikononi, akamwingiza ndani. Mikono yake ilikuwa imevimba na kuganda, na soksi zimeshikana na ngozi. Mama yule alizikata nguo hizo polepole, akamkausha kwa chombo cha umeme cha kukaushia nywele, akamlisha. Alipiga simu ya msaada mara nyingi pasipo mtu kuja. Mwisho alitangaza habari hiyo kwa Facebook, akiwaomba watu asiowajua. Siku ya Krismasi wanaume kadhaa walikuja na gari, wakaichimba njia, wakampeleka mzee hospitali. Akapona.

Katika kitongoji kimoja, gari lililochukua watalii wa Korea ya Kusini, waliokuwa wakienda kuyatazama Maporomoko ya Niagara, lilikwama karibu na nyumba ya mume na mke. Wageni wawili walibisha mlango wakaomba kuazima sepetu. Wenye nyumba walitazama nje, wakaona kuwa sepetu haitafaa kitu. Wakawakaribisha wote, watu 10 pamoja na dereva. Walilala makochini na sakafuni kwa muda wa mwisho wa juma. Ikawa kwamba wenye nyumba hupenda chakula cha Kikorea na viungo vyake vilikuwamo jikoni mwao, basi wageni wakashika masufuria wakawapikia wenyeji wao.

Huko Cheektowaga mambo yalianza vibaya. Mtu mmoja aliyetoka kwenda kumsaidia rafiki yake alikwama usiku. Kama alivyosimulia mwenyewe, alibisha milango ya watu akawatolea dola 500 ili wamruhusu kulala sakafuni, nao wakakataa. Akarudi garini, akawapokea watu wengine wawili waliokwama kama yeye. Mafuta ya gari yalipokaribia kwisha aliona kuwa shule iko karibu, akavunja dirisha, akaingia. Hakuridhika kuokoa nafsi yake. Alitoka tena akaenda gari kwa gari akiwaita waliokwama, wakapatikana watu zaidi ya 20, wazee wakiwamo. Walipoondoka aliacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha alilovunja na chakula walichokula. Polisi walipoisoma barua hiyo walimtafuta, wapate kumshukuru.

Mengine yalikuwa madogo, lakini hayapasi kusahauliwa. Kinyozi mmoja aliacha duka lake wazi mchana na usiku ili wapita njia waote moto. Wenye pikipiki za theluji waliwachukua wauguzi kuwapeleka hospitali na kuwarudisha makwao. Makumi ya maelfu ya watu walijiunga katika Facebook, huyu akiandika kwamba nyumba fulani ina mtoto mchanga asiye na maziwa, yule akijibu kwamba yuko mtaa wa pili na anayo. Palikuwa na waovu pia waliovunja maduka na kuiba, wakakamatwa. Lakini hao walikuwa wachache mbele ya waliotoa walicho nacho.

TUNALOJIFUNZA

Tarehe 26 Desemba Rais Joe Biden aliutangaza msiba huo kuwa jambo la dharura, ili serikali kuu isaidie. Askari wa akiba waliingia mjini na kupita nyumba kwa nyumba. Amri ya kukataza magari iliondolewa tarehe 29. Baadaye watu wengi waliuliza kwa nini amri hiyo haikutolewa tangu usiku wa Alhamisi, na kwa nini mitambo ya kuondolea theluji haikutosha. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha New York kilitoa taarifa ya uchunguzi juu ya mambo hayo. Maswali hayo ni ya haki. Wema wa jirani haumwondolei mkuu wa mji wajibu wake, na si vema kuwasifu raia kwa ushujaa ili kuficha uzembe wa ofisi.

Hata hivyo, hata serikali iliyo bora huchukua muda kufika, na baridi haingoji. Katika saa hizo 37 uhai wa mtu ulitegemea kama yupo aliye karibu, aliyesikia, naye akafungua mlango. Yule mzee aliishi kwa kuwa mama mmoja alisikia sauti yake akaifuata. Wale wa shule waliishi kwa kuwa mtu aliyefukuzwa milangoni hakuwafukuza wenzake. Na wengi waliokufa walikuwa peke yao.

Sisi hatuna theluji, lakini mito yetu hufurika usiku, na milima huporomoka juu ya vijiji wakati wa masika. Basi kila mtu na ajiulize mambo machache mapema. Ni nani katika mtaa wangu akaaye peke yake? Ni mzee gani asiyeweza kukimbia, na ni nani atakayembeba? Iko nyumba gani mahali pa juu, na je, mwenyewe amekubali kuifungua? Chumbani mna akiba ya unga na maji ya siku tatu? Kuyajua hayo hakuhitaji fedha. Kwahitaji kumtembelea jirani wakati jua linawaka, hata shida ijapo asiwe mgeni kwako wala wewe kwake.

Wazee walikwisha kutuambia: Fimbo ya mbali haiui nyoka.