Mtoto ametoka, uvimbe umebaki

Kliniki ya wajawazito, mkunga huweka futikamba kwenye mfupa wa kinena na kuivuta hadi juu ya mfuko wa uzazi. Mimba ya wiki 24 husoma sentimita 24 hivi. Ikisoma 30, mashoga huanza kutaja mapacha. Kumbe ultrasaundi yaweza kuonyesha mtoto mmoja na faibroidi, uvimbe wa misuli ya kizazi ambao si saratani.

Wengi wenye uvimbe huu hujifungua salama. Baadhi hupata maumivu makali mahali pamoja tumboni, hasa miezi ya kati, kwa sababu uvimbe umekosa damu ya kutosha na sehemu yake inakufa. Hutibiwa kwa mapumziko, maji na parasetamoli. Diklofenaki ya kujinunulia duka la dawa hapana: kuanzia wiki ya 20 yaweza kudhuru figo za mtoto. Uvimbe uliokaa chini huweza kumzibia mtoto njia, na hapo ni upasuaji. “Mkishapasua, si muutoe na wenyewe?” Madaktari wengi husita, maana kizazi cha mwezi wa tisa kimejaa damu.

Kwa maoni yangu, tunaogopa miezi tisa na kusahau saa moja: ile inayofuata kilio cha mtoto. Kondo likibanduka, kizazi hujikaza na kubana mishipa ya damu. Uvimbe mkubwa waweza kukizuia kujikaza, damu ikaendelea kutoka. Ndiyo maana mama mwenye uvimbe huu aulize mapema kama atakapojifungulia pana damu ya akiba na chumba cha upasuaji. Na damu inayotoka ipimwe: katika utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, mama alitandikiwa plastiki yenye mfuko wa vipimo badala ya damu kukisiwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa mkupuo. Matukio ya kuvuja damu vibaya yalipungua kwa asilimia 60.

Nyumbani, bibi atamkanda mama na kumfunga tumbo kwa kanga. Sawa, lakini kanga haiyeyushi faibroidi. Nyingi hunywea zenyewe miezi michache baada ya uzazi. Pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, yakitoka mabonge makubwa, au damu ya nifasi ikinuka huku mwili ukichemka, arudishwe hospitali siku hiyohiyo, arubaini iwe imefika au haijafika.