Ukiifuata Pamba Sokoine, panda na Kitulo ukaone maua

Mashabiki wa soka wa Kanda ya Ziwa hawaogopi safari. Tangu Pamba Jiji irejee Ligi Kuu msimu wa 2024/25, wana Kawekamo wamezoea kutupa begi begani na kuifuata timu yao mikoani. Katika safari hizo, ya Mbeya si mchezo. Unatoka Mwanza, unapita Shinyanga, unaikata nchi kwenda kusini, unafika miguu imevimba. Unaingia Uwanja wa Sokoine, unaangalia dakika 90, unageuza. Timu ikifungwa ndo balaa kabisa: pointi hamna, nauli imekwenda na kiuno kinauma.

Wazo la leo ni dogo tu. Ukishafika Mbeya, usigeuze. Ongeza siku mbili, panda Kitulo, tembea kwa miguu uangalie maua.

Najua kuna anayecheka. Mtu mzima, jezi mwilini, akaangalie maua? Kiukweli, sisi wa ziwani ua tunalolijua zaidi ni la magugu maji, lile la zambarau. Ni zuri kwa macho, lakini likishaziba mwalo mtumbwi hautoki. Ukimsifia maua mvuvi wa Kirumba, atakukunjia uso. Ya Kitulo ni habari nyingine.

Kitulo ni uwanda wa nyasi uliolala juu ya milima, kati ya safu za Kipengere, Poroto na Livingstone, huko Makete na Mbeya. Uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Mwaka 2005 eneo la kilomita za mraba 412 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Zimehesabiwa aina 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini.

Okidi ni nini? Waulize wenzetu wa Bukoba wanaolima vanila, maana vanila nayo ni ya ukoo huo. Tofauti ni kwamba vanila hutambaa juu ya mti, wakati okidi za Kitulo husimama ardhini katikati ya nyasi: nyeupe, za waridi, za njano, za rangi ya machungwa. Pembeni yake utakuta mishubiri, mayungiyungi na lobelia ndefu kuliko mtu.

Sasa twende kwenye ratiba, maana hapo ndipo shabiki anapotakiwa kuwa makini. Ulaya, ligi ikiisha, klabu nyingi hukimbilia milima ya Austria na Uswisi mwezi Julai kuweka kambi. Ndiyo miezi hiyohiyo watalii wa huko wanapopanda kwa miguu kutafuta maua, kwa sababu theluji imeyeyuka na milima imechanua. Kwetu ni kinyume. Ligi inapoisha, Juni na Julai, Kitulo ni baridi ya kutetemesha meno, usiku umande unaganda. Maua ya Kitulo yanafuata mvua. Yanaanza mwishoni mwa Novemba, yanashamiri kuanzia Desemba, yanaaga Aprili. Yaani katikati ya ligi, wakati timu ziko viwanjani. Kwa hiyo ukisubiri likizo ya wachezaji, umechelewa.

Kufika kwake si kugumu sana. Makao makuu ya hifadhi yako Matamba, kama kilomita 100 kutoka Mbeya mjini. Unashika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam hadi Chimala, halafu unaanza kupanda mlima kwa barabara yenye kona 57. Wenyewe wanaiita Hamsini na Saba. Wakati wa mvua inateleza, hivyo tafuta gari lenye nguvu na dereva mwenyeji. Mliochanga nauli ya mechi mnaweza kuchanga na hii. Gari moja mkigawana watu sita, linabebeka.

Ukifika juu, kazi ni ya miguu. Hakuna simba huku, na mashabiki wa Yanga msianze kushangilia, maana nina maana ya mnyama. Hakuna tembo pia. Unatembea na mwongozaji, unainama, unaangalia, unauliza jina, unasonga. Wenye miguu ya chuma kuna njia inayovuka milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mtu wa Ziwa Victoria akamaliza safari yake kwa kunawa uso kwenye ziwa lingine.

Ila usijidanganye kuhusu pumzi. Mwanza iko mita 1,100 na ushee, Kitulo ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Winga aliyezoea Kirumba anaweza kuhema kama kipa aliyeitwa kukimbiza mbio za kupokezana vijiti. Fanya mazoezi nyumbani. Mwanza tumejaliwa vilima na mawe: panda Bugando kwa miguu badala ya bodaboda, au vuka kwa boti hadi Kisiwa cha Saanane, ambacho nacho ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, ukazunguke juu ya majabali kati ya pimbi na mijusi. Ukirudi hujachoka, uko fiti. Kwa safari yenyewe beba sweta zito, koti la mvua, viatu vyenye meno na kitambulisho cha taifa, maana Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi na kwa kiwango cha chini kuliko mgeni.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya kupiga picha, na ndilo lililofanya eneo hili liwe hifadhi.

Chini ya okidi nyingi za Kitulo kuna viazi viwili vidogo. Kimoja ni cha zamani, kinalisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, ndicho kitakachotoa ua la mwakani. Zambia viazi hivi ni chakula kinachopendwa sana, kinaitwa chikanda. Vinasagwa, vinachanganywa na karanga na magadi, vinapikwa mpaka vishikane, vinakatwa vipande kama keki. Kwa miaka mingi vimechimbwa katika nyanda zetu za juu kusini na kuvushwa kupitia Tunduma. Watafiti waliofuatilia biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa ni mamilioni ya viazi kwa mwaka.

Tatizo ni kwamba anayechimba anataka kile kipya, kigumu. Akikitoa, ua la mwakani limekwisha. Mtu wa Mwanza haelezwi mara mbili, kwa sababu ni kokoro lilelile. Ukivua sangara wachanga leo, kesho unarusha nyavu kwenye maji matupu. Kwa lugha ya uwanjani, ni klabu inayouza timu yake yote ya vijana ili ilipe mishahara ya mwezi mmoja.

Na tusimtukane mchimbaji. Ni mtu wa kijijini mwenye ada ya mtoto ya kulipa, na soko lipo mlangoni. Askari wa hifadhi wanalinda ndani ya mipaka, lakini okidi zinaota hata nje yake, na huko mlinzi ni bei. Kama ua lililosimama haliingizi hata shilingi, na kiazi kilichochimbwa kinalipwa papo hapo, unadhani nani atashinda mechi hiyo?

Hapo ndipo shabiki anapoingia. Watu 20 wenye jezi wakilala Matamba usiku mmoja, kuna mama aliyeuza chai na viazi vya kuchemsha, kuna mwenye nyumba ya wageni, kuna kijana aliyeongoza njia, kuna mwenye gari. Wote hao kesho watakuwa na sababu ya kumuuliza jirani yao anachimba nini. Tumezoea kuona utalii ni wa wageni wenye kofia pana, na wanaokwenda Tanzania kwa maua ni wachache ukilinganisha na wanaofuata simba na nyumbu Serengeti. Mashabiki wa mpira ni wengi, na Mbeya wanafika kila msimu bila kubembelezwa.

Prisons na Mbeya City wote nyumbani kwao ni Sokoine. Ratiba ikitoka, angalia tarehe za mechi hizo. Kama kuna inayoangukia kati ya Januari na Machi, anza kuchanga sasa, na tiketi ya kurudi usikate ya siku ya mechi.